Swali Likiingia kwa Mzee Stanislausi Hujibiwa na Mzee Stanislausi

Mzee Stanislausi Wankyo,
Mwitongo, Butiama.
Jumatatu, baada ya kukamua.

Kwa Mkurugenzi,
Redio Majabali FM,
Iringo, Musoma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KIPINDI CHENU CHA "KITI CHA MGENI" KUNIKATIZA MANENO, PAMOJA NA SWALI LA MWISHO ALILOULIZWA MKE WANGU

Nina miaka themanini na nne kwa kadi ya kupigia kura, na themanini na saba kwa hesabu ya marehemu mama yangu, ambaye ndiye alikuwepo siku yenyewe. Nimewapita nzige. Nimepita operesheni ya vijiji, walipotuambia tubomoe nyumba tusogee barabarani, nami nikahamisha mlango tu, nyumba ikabaki. Nimepita miaka ya kupanga foleni ya sabuni, nimepita ugonjwa wa ng'ombe uliomaliza mazizi ya watu jeuri, nimezika mapadri watatu wa parokia yetu na redio nne. Wote waliokuwaga wananibishia wamekufa, isipokuwa Thadeo, na yeye anakohoa. Nakutajia haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kubahatisha.

Nakushauri uketi ndipo usome, maana barua ni ndefu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma elimu ya watu wazima kwenye ghala la pamba, nikawa wa kwanza darasani. Tulikuwa wengi. Wengine walikuwa wanasinzia, lakini waliandikishwa, kwa hiyo niliwashinda kihalali.

Sina ugomvi na redio yenu. Bei za mazao mnatangaza, vifo mnatangaza, na muziki wenu unavumilika. Tena kipindi cha Kiti cha Mgeni ndicho nakipenda kuliko vyote. Kila Jumamosi saa kumi jioni mnamkalisha mtu kwenye kiti, mwimbaji, au mwandishi wa vitabu, au mheshimiwa aliyestaafu, na binti yenu Happyness anamuuliza maisha yake mpaka uvunguni. Maswali ni mazuri. Sauti ya binti ni nzuri. Kasoro ya kipindi ni wageni.

Naomba kwanza nikueleze desturi, maana inawezekana wewe umezaliwa mjini. Kwetu sisi mji maana yake ni boma la mtu, nyumba zake, zizi lake na wote wanaokula humo. Mtu akifika kwenye mji wangu akauliza jambo, anayejibu ni mwenye mji. Hata akimwona mtoto anakohoa akauliza anaumwa nini, mtoto hajibu, najibu mimi. Akimuuliza mke wangu ameamkaje, najibu ameamka salama, na yeye anasikia hapo hapo kwamba ameamka salama. Sasa swali la Happyness linaingia kwangu bila hodi, linapita zizini, linakaa ndani. Ulitaka nifanyeje? Nilinunie? Swali ni mgeni, na mgeni hatoki kwenye mji wangu mikono mitupu. Kwa sababu hiyo tangu kipindi kimeanza nimekuwa nikijibu maswali yote, kila Jumamosi, kwa sauti, bila kukosa, hata siku nilipong'olewa jino.

Majirani ni mashahidi. Walianza kuja wawili watatu kusikiliza redio, sasa wanakuja kunisikiliza mimi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kukatizwa. Happyness anauliza, mimi nasafisha koo, naanza kujibu kwa utaratibu. Sijafika katikati, mgeni wenu ananidakia. Mliwahi kumleta mwandishi mmoja wa Bunda aliyeandika kitabu cha wavuvi wa Rukuba. Akaulizwa mawazo ya kuandika anayapata wapi. Mimi nilikuwa naeleza kwamba mawazo humjia mwanaume anapowaangalia ng'ombe wakinywa maji, kwa sababu ng'ombe akinywa hana haraka, na wewe unakosa haraka pamoja naye. Yule bwana akaingilia, eti anaamka alfajiri anakunywa kahawa. Watu waliokuwa kwangu wakachanganyikiwa wamsikilize nani. Thadeo akasema wamsikilize mwenye kitabu. Nilimuuliza Thadeo kama amewahi kuona kahawa imeandika kitu, akaanza kukohoa.

2. Wageni hawajui majibu yao. Mlimleta mheshimiwa mstaafu, akaulizwa anajutia nini katika utumishi wake. Akasema hajutii kitu. Mtu mzima, kichwa cheupe, hajutii kitu! Ilibidi nimjibie. Nilimtajia mambo mawili ya kujutia na watu wote wakakubali, hasa lile la daraja. Tena mlimleta mchezaji wa mpira wa zamani, akaulizwa kwa nini aliacha mpira. Akasema goti. Mimi nilishajibu kwamba aliachishwa na mke wake. Baadaye ilijulikana kweli lilikuwa goti, lakini nani alikuwa analikanda hilo goti kila usiku mpaka akachoka? Kwa hiyo jibu langu lilitangulia mbele ya goti.

3. Sijawahi kushukuriwa. Mwisho wa kipindi Happyness anasemaga, "Asante sana kwa kuwa nasi." Mimi najibu, "Karibu tena, mjukuu wangu." Haitikii. Simlaumu, naona amelelewa vizuri, tatizo lipo kwenye mitambo yenu.

4. Kumwita mke wangu msanii bila kupitia kwangu. Hili ndilo lililoleta mengine.

Mke wangu Petronila anatengeneza vibuyu vya maziwa. Anakausha kibuyu, anakifukiza moshi ndani, halafu nje anachora kwa msumari wa moto: ng'ombe, mawimbi ya ziwa, nyayo za kanga, vitu anavyovijua yeye. Kikipasuka anakishona kwa ukindu mpaka unapapasa huoni ufa. Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisani alivichukua akavipeleka kwenye maonyesho huko Musoma. Vikawekwa kwenye meza yenye kitambaa, na karatasi imeandikwa USIGUSE. Kibuyu cha maziwa, usiguse! Ndipo Happyness akapiga simu kwa mkwe wangu Agness, mke wa kijana wangu wa pili, kwamba mama anatakiwa redioni Jumamosi kama msanii.

Simu nilichukua mimi, kama inavyotakiwa. Nilimweleza binti yenu kwa upole kwamba kibuyu bila maziwa ni boga lililokauka. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe. Ng'ombe ni wa kwangu. Hata yule ng'ombe aliyechorwa kwenye kibuyu kikubwa ni wa kwangu, namjua kwa nundu yake, na hakuna aliyeniomba ruhusa ya sura yake. Kwa hiyo ukifuata jambo tangu kwenye mzizi, msanii ni mimi, na Petronila ni fundi wa chombo. Happyness alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Sawa babu, lakini kiti ni kimoja."

Ndugu Mkurugenzi, redio nzima, mkoa mzima, kiti kimoja? Hata kwa Thadeo vipo vinne, ingawa kimoja kimevunjika.

5. Yaliyotokea Jumamosi. Petronila aliondoka na gari la asubuhi, vibuyu vitatu amevifunga kwenye kanga, na viatu vya Agness miguuni. Mimi nikabaki na redio. Ilipofika saa kumi mji ulikuwa umejaa, wengine wamekaa juu ya ukuta wa zizi. Thadeo alikuja na kiti chake mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya hata kwenye msiba.

Nilianza vizuri. Aliulizwa alizaliwa wapi, nikajibu Bunda. Aliulizwa nani alimfundisha kuchora, nikajibu mimi, na hapo hapo Petronila akasema bibi yake. Watu wakacheka. Nikawaambia hata huyo bibi nilimfahamu, na hakuwa mtu wa kufundisha kitu bila kusukumwa.

Likaja swali la mwisho. Naliandika kama lilivyoingia: "Mama Petronila, ukiambiwa maisha yaanze upya leo, ungekubali tena kuolewa na Mzee Stanislausi?"

Mji mzima uligeuka kunitazama. Swali lilikuwa na jina langu. Nilisimama nikajibu. Nilisema ndiyo, angekubali, na nikaeleza kwa nini. Nilianzia siku niliyokwenda Bunda kuposa nikiwa na viatu vya kuazima, kimoja cha Thadeo. Nikaeleza jinsi baba yake alivyokagua ng'ombe wangu akawakataa wawili kwa sababu ya mikia, na jinsi nilivyorudi na dume jekundu ambalo mpaka leo ukoo wao unalitaja kwenye sherehe. Nikaja kwenye mwaka tuliomzika mtoto wetu wa kwanza, ambapo tulikaa ndani ya nyumba moja bila neno mpaka mvua zikaanza, na asubuhi moja nikamkuta ameweka msumari kwenye moto na kibuyu mapajani, anachora. Sikumuuliza anachora nini. Nilikwenda kumtafutia kuni. Nikaeleza kwamba tangu siku hiyo kuni za moto huo nazileta mimi, si mtoto, si mkwe, ni mimi, na huko redioni hakuna aliyeuliza kuni zinatoka wapi.

Nilijibu vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Pale pa mikia watu walicheka mpaka mmoja akateleza ukutani. Pale pa mtoto wenye kofia walizivua. Nilipoketi, redio ilikuwa inapiga muziki.

Petronila alikuwa ameshajibu. Musoma walisikia. Bunda walisikia. Rukuba kule kisiwani, na upepo wao wote, walisikia. Mimi peke yangu, ambaye jina langu lilikuwa ndani ya swali, sikusikia.

Nilimuuliza Thadeo mke wangu amesema nini. Alikuwa anafuta machozi, sijui ya kicheko au ya kikohozi. Akaniambia, "Si ulikuwepo?" akabeba kiti chake. Agness siwezi kumuuliza. Ni mkwe, hawezi kunitamkia mambo ya ndoa yangu usoni, na akinitamkia itabidi nikasirike, na mimi sikutaka kukasirika, nilitaka kujua.

Petronila alirudi jana mchana. Alishusha vibuyu, akauliza kama ndama amenyonya, akavua viatu vya watu. Halafu akaniuliza kama nilisikiliza kipindi. Sasa mwenye mji atasemaje hakusikiliza, wakati redio ni yake na betri ni zake? Nikasema nilisikiliza. Akaniuliza, "Na jibu langu la mwisho ulilionaje?" Nikafikiri haraka. Nikasema lilikuwa la kawaida.

Alinitazama kidogo, akaingia jikoni. Tangu jana chakula kinakuja kwa wakati lakini hakina maneno. Hayo yote yameletwa na redio yenu.

6. Swali lenyewe si halali. Nimelifikiria usiku na mchana na nimeona hatari yake, ambayo ninyi vijana mliosoma hamkuiona. Chukua mfano alisema hapana. Ina maana ndoa ameikataa mbele ya mkoa, na kwa desturi ng'ombe wa mahari warudi kwangu. Ng'ombe hao walizaa, na waliozaliwa wakazaa, na shemeji yangu Gabriel wa Bunda alishawala kwenye misiba na wengine akasomeshea watoto. Nitamrudishaje mwalimu wa sekondari awe ndama? Haya, chukua mfano alisema ndiyo. Hapo ni vibaya zaidi. Amekubali kuolewa tena, upya, kuanzia leo. Anayeoa upya analipa upya. Gabriel ana haki ya kuja na fimbo kuchagua zizini kwangu, na mimi katika umri huu sina nguvu ya kubishana habari za mikia.

Na usidhani natunga. Jumamosi ile ile jioni Gabriel alipiga simu. Alisema, "Shemeji! Dada yangu amekuweza leo!" akacheka mpaka salio likakata. Ndugu Mkurugenzi, nimekisikiliza kicheko hicho kichwani mwangu siku mbili sasa, na sijaweza kujua kama ni cha mtu anayedaiwa ng'ombe au cha mtu anayekuja kuwachukua.

Kwa hiyo, vyovyote alivyojibu, mmenitia hasara, na redio iwe tayari kutoa ng'ombe kama mdhamini. Sitakubali ng'ombe wa kisasa.

7. Marudio. Naelewa kwamba kila Jumatano saa nane mchana mnarudiaga kipindi cha Jumamosi. Yaani jambo ambalo watu wamelisikia mara moja na kunicheka, mnataka walisikie mara ya pili ili wanicheke kwa ufasaha. Napinga kabisa.

Baada ya malalamiko hayo, naomba yafanyike haya, tena mapema:

Kwanza, jibu la Petronila kwa swali la mwisho lifutwe, lisirudiwe Jumatano wala siku nyingine. Mimi sihitaji kulisikia. Najua alichosema, kwa sababu nilishakisema.

Pili, kila baada ya swali redio inyamaze. Inyamaze ya kutosha. Happyness aseme tu, "Mzee Stanislausi, karibu," halafu watu wote huko Iringo watulie mpaka nimalize, na mgeni asinywe maji kwa kishindo. Nikimaliza nitapiga fimbo chini mara moja.

Tatu, wageni wote waletwe kwangu siku mbili kabla. Nitawauliza maswali na kuwapa majibu waende nayo. Mwandishi aje na kitabu chake nikikague kama kina ng'ombe.

Nne, ikionekana usafiri ni mgumu, hamisheni redio. Mnara unaweza kusimama nyuma ya zizi langu, pana mwinuko mzuri, na ng'ombe hawasumbui. Mgeni atakaa kwenye kigoda, mimi nitakaa kwenye kiti. Happyness nitampa chumba cha binti yangu aliyeolewa.

Tano, mkishahamia, sioni tena sababu ya kuleta wageni. Swali liko pale, jibu liko pale. Mgeni wa nini?

Na kama hamtaki, nitazima redio yangu. Fikirini vizuri kabla hamjanijaribu. Huku kwetu watu wote wanasikilizia kwangu, na mimi nikizima mtakuwa mnatangaza hewani tu, kama mtu anayesalimia shamba.

Nisalimie wafanyakazi wote wa redio, anayesoma vifo, anayesoma bei za mazao ingawa ya mtama alikosea, na mlinzi wa getini. Msalimie sana Happyness, mwambie babu hana kinyongo naye. Wasalimie na wazee wako kama wapo, na kama hawapo, waliokulea.

Ni mimi mwenye mji,
Stanislausi Wankyo.

N.B. Jumatano, jioni.

Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nasubiri mtu wa kuipeleka Musoma. Nimeifungua tena.

Leo saa nane mlirudia kipindi. Petronila alikuwa ameenda kwenye jumuiya, Agness yuko shambani, na majirani niliwaambia redio imeharibika. Nilikaa peke yangu. Ili nisije nikajibu kwa mazoea, lilipokaribia swali la mwisho nilijaza maziwa mdomoni nikayashikilia, sikumeza.

Nawaandikia nilichosikia, ingawa ninyi mnakijua.

Happyness aliuliza lile swali. Petronila akasema, "Subiri kwanza, mwanangu." Pakawa kimya. Kimya kirefu, mpaka nikaipiga redio ubavuni. Happyness akaita, "Mama?" Petronila akamwambia, "Usiongee. Mzee anajibu huko nyumbani." Kimya tena. Binti akacheka, akauliza anajibu nini. Mke wangu akasema, "Anajibu ndiyo, ila ameanzia mbali. Sasa hivi yuko kwa baba yangu, wanabishana mikia." Kumbe hapo ndipo yule mtu alipoteleza ukutani. Kimya. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu aliye karibu, "Sasa amefika kwa mtoto wetu. Tumwache." Wakaniacha. Mkoa mzima ukaniacha. Mwisho Happyness akamuuliza watajuaje nimemaliza, naye akamjibu, "Huyo hamalizi. Wewe weka muziki. Alichosema ndicho na mimi nasema."

Hilo ndilo jibu ambalo nilimwambia lilikuwa la kawaida.

Ndugu Mkurugenzi, nafasi niliyokuwa nawadai kwenye barua hii, mke wangu alishanipa, na leo imepita mbele yangu na mimi nimejaza maziwa mdomoni. Sikusema hata neno moja.

Kwa hiyo malalamiko namba moja mpaka saba nayaondoa, isipokuwa la tatu. Msifute kitu. Naomba badala yake mrudie kipindi mara ya tatu, Jumamosi, saa ambayo Petronila yupo nyumbani, nitahakikisha yupo, nitamfichia viatu. Kikifika kile kimya nitakitumia vizuri, mbele yake, na nitakuwa mfupi. Mikia nitairuka. Barua naituma yote hivyo hivyo kwa sababu mwandiko umetoka vizuri.

Wanaoweza kuthibitisha niliyoyaandika ni Thadeo, ambaye alisikia majibu yote mawili kwa wakati mmoja na ndiyo maana alikuwa analia. Gabriel wa Bunda, ambaye habari za ng'ombe asiulizwe. Na Agness, lakini yeye aulizwe na mwanamke mwenzake. Ila kama mnataka kujua Petronila alisema vile kwa moyo au alikuwa anawachekesha watu wa mjini, hilo mimi silijui. Kamuulizeni yeye mwenyewe. Nitajitahidi kunyamaza.